Ukubwa wa Chembe na Kazi ya Dawa Mwilini

Kidonge kinachotolewa katika zahanati za Masasi na Newala huonekana kuwa kitu kimoja, lakini kwa hakika ni mchanganyiko. Ndani yake mna dawa yenyewe, yaani kemikali inayopambana na ugonjwa, pamoja na vitu vingine visivyotibu chochote. Vitu hivyo huitwa visaidizi vya dawa. Baadhi hujaza kidonge ili kiweze kushikika. Baadhi huushikamanisha unga wake usimomonyoke safarini. Na baadhi hufyonza maji na kukipasua kidonge kikifika tumboni.

Kisaidizi kimoja kinafahamika sana kwa wakulima wa uwanda wa Makonde, nacho ni wanga. Wanga wa muhogo uliosafishwa, kama ule wa mahindi au viazi, waweza kutumika kutengenezea vidonge. Ukipikwa kwa maji huwa gundi. Ukiwa mkavu, chembe zake hufyonza maji, huvimba, na kukisukuma kidonge hadi kipasuke. Kidonge kisichopasuka hupita tumboni na dawa yake ndani, na mgonjwa hapati nafuu ingawa amemeza dozi kamili.

Dawa isiyopenda maji

Kupasuka kwa kidonge ni hatua ya kwanza tu. Sharti dawa iyeyuke ndipo iweze kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hapa ndipo penye shida ya dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006. Dawa hii humezwa mara sita katika siku tatu. Ina artemetha, inayopunguza vimelea kwa haraka, na lumefantrini, inayobaki katika damu kwa siku kadhaa ili kuvimaliza vilivyosalia.

Lumefantrini haiyeyuki vema katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Imepimwa kwamba mtu mzima mwenye afya akiimeza pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu chaweza kuwa mara 16 ya kile kinachoingia akiwa hajala. Mafuta yanayohitajika si mengi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba maziwa kidogo ya soya, yenye gramu 1.2 tu za mafuta, yalitosha kufikisha takribani asilimia 90 ya kiwango cha juu cha ufyonzwaji.

Jambo hili lina uzito mkubwa huko Newala na Masasi. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini karibu hauna mafuta. Korosho, ambayo ndiyo zao kuu la biashara la wilaya hizo, ina mafuta yapatayo asilimia 45 ya uzito wake. Uji uliotiwa korosho au karanga zilizotwangwa, au maziwa, ukiwamo unyonyeshaji kwa mtoto mchanga, waweza kuisaidia dawa kufanya kazi yake. Dozi yenyewe haibadilishwi. Hufuatwa kama alivyoagiza mganga.

Hesabu ya eneo

Je, dawa yaweza kusaidiwa bila kutegemea chakula? Njia mojawapo ni kuzipunguza chembe zake. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta 1. Eneo la nyuso zake zote ni sentimeta za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba ya milimeta 1, hupatikana vipande 1,000, na jumla ya eneo huwa sentimeta za mraba 60. Ukikatwa hadi vipande vya nanometa 100, eneo hufikia mita za mraba 60, yaani karibu sakafu nzima ya darasa. Uzito haukuongezeka hata kidogo, bali mahali pa kukutana na maji pameongezeka mara laki moja.

Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe ya wanga wa muhogo yenye upana wa maikrometa 15 ni pana mara 150 kuliko chembe ya nanometa 100. Ufundi wa kutengeneza na kutumia vitu vidogo kiasi hicho huitwa nanoteknolojia.

Chembe ndogo hizo zina tabia ya kugandana na kurudi kuwa madonge. Kwa hiyo kisaidizi hupewa kazi mpya: kuzivika kila moja koti la kuzitenga. Wanga huchunguzwa kwa kazi hiyo. Huchunguzwa pia gundi inayotoka katika gome la mkorosho, hasa nchini Brazili, ulikotoka mti huo. Njia nyingine ni kuifungia dawa ndani ya viputo vya mafuta. Dawa ya saratani ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na baadhi ya chanjo za korona za mwaka 2020 zilibebwa katika chembe za mafuta za nanometa.

Lumefantrini nayo imesagwa hadi kiwango cha nanometa katika maabara. Hata hivyo kila kisaidizi kipya hupimwa kwanza, kwani chembe ndogo mno zaweza kufika mwilini mahali ambapo chembe kubwa hazifiki. Aidha, si kila tatizo huhitaji nanoteknolojia. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya ALu ya watoto, inayotawanyika katika maji, kwa watoto 899 wa nchi tano, Tanzania ikiwamo. Ilitibu sawa na vidonge vilivyopondwa, na ni rahisi zaidi kumpa mtoto. Kilichobadilishwa si dawa, bali visaidizi vyake.

Jaribio

Pima gramu 5 za chumvi ya mawe, na gramu 5 nyingine zilizotwangwa hadi kuwa unga. Tia kila fungu katika glasi yenye maji mililita 100, bila kukoroga. Andika muda unaopita hadi chumvi kuyeyuka katika kila glasi, kisha ueleze tofauti.

Maswali

1. Ni gramu ngapi za korosho zenye gramu 1.2 za mafuta?
2. Mchemraba wa sentimeta 1 ukikatwa hadi vipande vya nanometa 10, jumla ya eneo la nyuso itakuwa mita za mraba ngapi?
3. Kwa nini vidonge viwili vyenye dawa sawa kwa uzito vyaweza kutibu kwa nguvu zisizolingana?