Kufundisha Historia ya Ukoo Pasipo Gharama

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia miaka kadhaa iliyopita, tuliwaagiza wanafunzi wa darasa la nne waandike majina ya baba, babu, na baba wa babu. Kesho yake msichana mmoja alileta daftari lenye jina lake tu. Alikuwa amelelewa na bibi mzaa mama, na habari za upande wa baba hakuwa nazo. Wenzake walipoanza kusoma kwa sauti, aliinamisha uso juu ya dawati. Kosa halikuwa lake, bali lilikuwa la zoezi letu. Tulimwuliza asichokuwa nacho, tukaacha kumwuliza alichokuwa nacho: bibi mwenye kumbukumbu nyingi.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kufundisha utafiti wa historia ya ukoo pasipo fedha, na pasipo kumfedhehesha mtoto ye yote.

Madhumuni

Mwisho wa vipindi vitatu, mwanafunzi aweze:
(a) kumhoji mzee kwa adabu na kuandika aliyoyasikia;
(b) kukadiria mwaka wa tukio la nyumbani kwa kulilinganisha na tukio linalojulikana;
(c) kutofautisha jambo lililothibitika na lile la kukisia.

Zana

Daftari, kalamu na ubao vyatosha. Simu ya mzazi, ikiwapo, yaweza kurekodi sauti ya mzee, lakini mtoto asiye nayo asihesabiwe kuwa amepungukiwa.

Hatua ya Kwanza: Mstari wa Wakati

Chora mstari mrefu ubaoni na utie matukio ambayo watu wa mahali penu huyakumbuka. Kwa Tanzania Bara yafaa kuanza na haya: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Uhuru, Desemba 1961, Muungano, Aprili 1964, Azimio la Arusha, Februari 1967, kuhamia vijijini, 1973 hadi 1976, Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999.

Kisha ongeza matukio ya wilaya yenu. Katika Ugogo, kwa mfano, wengi wamesimuliwa habari za Mtunya, njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, iliyowapata watu baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa mama yake huenda akajua kwamba alizaliwa baada ya njaa hiyo.

Hatua ya Pili: Kumhoji Mzee

Mfundishe mwanafunzi kuamkia kwanza, kueleza anachotaka, na kuomba ruhusa ya kuandika. Amfuate mzee wakati wa mapumziko, au amsaidie kazi huku wakizungumza. Wengi husimulia vizuri zaidi wakichambua mchele kuliko wakikabiliwa na kalamu.

Maswali yasibebe majibu ndani yake. Tukiuliza, "Ulizaliwa wakati wa vita, sivyo?" mzee aweza kukubali kwa heshima tu. Afadhali kuuliza, "Waliokuzaa walikusimulia nini juu ya siku zile?"

Majina ya udugu nayo yanahitaji uangalifu. Mzee akisema "baba yangu," huenda anamtaja baba mkubwa au baba mdogo. Mwanafunzi aulize kwa upole, "Ndiye aliyekuzaa, au ni ndugu yake?" Aulize pia sababu ya majina. Mtu aitwaye Masika huenda alizaliwa wakati wa mvua. Aitwaye Shida au Tabu, huenda wazazi walikuwa katika dhiki. Jina hilo halithibitishi jambo, bali hufungua mazungumzo.

Mwishoni aulize kama kuna karatasi zilizohifadhiwa: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, kadi ya kliniki, au kadi ya chama. Kadi ya TANU, kwa mfano, haiwezi kutangulia mwaka 1954 chama kilipoanzishwa, wala haiwezi kuwa ya baada ya Februari 1977, chama hicho kilipoungana na Afro-Shirazi kuwa CCM.

Hatua ya Tatu: Kukadiria Mwaka

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya somo. Tuchukue mfano. Mzee asema: "Vita vya Kagera vilipoanza nilikuwa darasa la tatu." Vita vilianza Oktoba 1978; basi aliingia darasa la kwanza mwaka 1976. Kama aliingia akiwa na miaka saba, alizaliwa 1969 hivi. Lakini siku zile wengi walianza wakiwa na miaka tisa au kumi, kwa hiyo yawezekana alizaliwa 1966. Tunatafuta ushahidi wa pili. Dada yake mkubwa akumbuka kwamba mama yao alikuwa amembeba mgongoni walipokwenda kutazama matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha, mwaka 1967. Basi mwaka 1969 hauwezekani. Mwanafunzi aandike: "Alizaliwa 1966 au mapema 1967." Asiandike mwaka mmoja kana kwamba aliuona kwenye cheti.

Hatua ya Nne: Kuchora Ukoo

Mwanafunzi aanze na jina lake chini, kisha apande kwa upande anaoujua. Tusimlazimishe kufuata baba. Waluguru na Wamakonde, kwa desturi, wamehesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto anayelelewa na walezi aweza kuandika ukoo wa walezi wake.

Mambo ya Kuepuka

Tusiwashindanishe wanafunzi kwa wingi wa majina, wala tusiruhusu koo au makabila kulinganishwa kwa ubora. Zipo nyumba zenye kumbukumbu za utumwa, za ugomvi, au za mtoto asiyetambuliwa na baba. Mzee akinyamaza, mwanafunzi asimshurutishe. Kazi isomwe darasani kwa hiari ya mwanafunzi, baada ya kumsomea mzee mwenyewe ili asahihishe.

Hitimisho

Yule msichana tulimpa zoezi upya. Alileta jina la bibi yake, la mama wa bibi, na la kijiji walichokiacha walipohamishwa mwaka 1974. Aliomba kusoma mwenyewe. Kazi hiyo haikugharimu hata senti moja, lakini ilihitaji kufanywa mapema, kwani mzee akifariki, hakuna daftari litakalomwuliza tena.

Zoezi kwa Mwanachuo

1. Andaa mstari wa wakati wenye matukio kumi, matano yakiwa ya wilaya yako.
2. Mhoji mzee mmoja wa ukoo wako, kisha ukadirie mwaka wake wa kuzaliwa kwa ushahidi wa namna mbili.
3. Eleza utakavyomsaidia mwanafunzi asiyemjua mzazi wake hata mmoja.