Yohana Yupi?
Somo kwa Wakristo na kwa waalimu wa sharika



Yako makosa ambayo mchungaji angependa yasahauliwe, nasi tunalo moja la namna hiyo. Lakini kwa kuwa laweza kuwafaa wengine, tumeona ni heri tulieleze. Katika usharika mmoja wa nyanda za Karatu tulisimama siku ya Jumapili, tukasoma mbele ya watu jina la Mkristo aliyetengwa na Meza ya Bwana kwa muda kwa ajili ya jambo la ndoa. Tulisoma "Yohana," tukautaja mtaa wake, basi. Jina la baba halikuandikwa katika karatasi tuliyoshika, wala sisi hatukuliuliza.

Kumbe katika mtaa ule walikuwapo akina Yohana wawili. Mmoja ni dereva awapelekaye wageni Ngorongoro kutazama wanyama. Wa pili ni mkulima wa vitunguu, ashukaye Mang'ola kwenye mashamba ya maji karibu na Ziwa Eyasi. Aliyerudiwa na baraza la wazee ni yule dereva. Lakini siku ile dereva alikuwa safarini, naye mkulima alikuwa ameketi benchi ya tatu pamoja na binti yake aliyekwisha kuposwa. Juma halikwisha kabla wale waliomposa binti hawajatuma mtu kusema kwamba neno la posa lisimame kwanza.

Tangu hapo tumelitazama jina hili kwa macho mengine, na leo twataka tujifunze pamoja nanyi. Katika kitabu cha ubatizo cha usharika wo wote wa nchi yetu, fungueni mtakapo, mtawakuta akina Yohana. Maana ya jina hilo kwa Kiebrania ni kwamba Bwana ana neema. Ni jina zuri. Tena limekwisha kuvaliwa na watu wengi mno, wa kazi mbalimbali, na wa mioyo mbalimbali.

Tuanze katika Maandiko. Someni Luka 1:57 mpaka 66. Mtoto wa Elisabeti alipotimiza siku nane, jirani na jamaa walikwisha kukata shauri: aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama akakataa. Nao wakapinga kwa sababu ambayo hata leo twaisikia katika nyumba zetu, kwamba katika ukoo huu hakuna mtu mwenye jina hilo. Mpaka baba, aliyekuwa bubu, akaomba kibao na kuandika. Angalieni, waalimu: jambo la jina lilimalizika kwa kuandikwa.

Halafu someni Matendo 4:5 mpaka 22, na hapa twawaomba msiende mbio. Petro na Yohana wamelala gerezani usiku kucha kwa kosa la kumponya kiwete, na asubuhi wanaletwa mbele ya baraza. Luka awataja wakubwa walioketi: Anasi, Kayafa, na katika mstari wa sita, Yohana. Huyu ni mwingine, mtu wa jamaa ya kuhani mkuu. Basi chumba ni kimoja, na akina Yohana ni wawili. Mmoja ameketi kuhukumu, mwingine amesimama ahukumiwe. Mama zao walichagua jina lile lile, na pengine kwa furaha ile ile. Sisi tulikuwa tumekwisha kuisoma sura hiyo miaka mingi, hata kuihubiri, wala hatukumwona yule Yohana wa pili mpaka tulipokosa kwa ajili ya Yohana wetu. Katika kitabu hicho hicho yuko Yohana aitwaye Marko, ambaye mama yake alikuwa na nyumba ya maombi Yerusalemu, na ambaye kwa ajili yake Paulo na Barnaba walitengana. Twaona jinsi Luka alivyo mwangalifu: huyu amwongezea jina la pili, ili msomaji asimchanganye na mwana wa Zebedayo. Sisi karani wa Bwana tulishindwa na tabibu yule.

Hata katika nyumba ya Daktari Luther jina hili lilikaa pande mbili. Baba yake aliitwa Hans, ndiyo Yohana kwa kifupi cha Kijerumani. Alikuwa mtu wa machimbo ya shaba huko Mansfeld, mtu wa jasho na moshi. Alitamani sana kwamba mwanawe Martin awe mwanasheria, akalipa karo kwa ajili hiyo, akakasirika alipoingia katika nyumba ya watawa. Martin naye, mwaka 1526, alipata mtoto wa kwanza, akampa jina la babu, kama watu wengi wa kwetu wafanyavyo. Na huyo Hans mdogo alipokua alisoma nini? Sheria! Alilolikosa babu kwa mwana akalipata kwa mjukuu, ingawa hakuishi kuliona.

Tena katika pwani yetu. Wale wawili waliotangulia kuleta Injili Rabai, karibu na Mombasa, walikuwa akina Yohana wote wawili, watu wa nchi moja ya Württemberg, waliofundishwa katika chuo kimoja cha Basel: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Alikuwa mtu wa mipango mikubwa na wa maneno. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Afya ilimwondoa nchini mwaka 1853. Rebmann alifika mwaka 1846, na tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, kule London mtu wa elimu ya ramani akamkana, akisema haiwezekani. Lakini sifa ya Rebmann si mlima tu. Alikaa. Miaka 29 alikaa, mwenzake akiisha kuondoka, akikusanya maneno ya lugha na kuwafundisha watu wachache sana, hata akaondoka mwaka 1875 akiwa kipofu. Mwaka uliofuata alifariki. Yohana mmoja alikuwa wa kwenda, na mwingine wa kukaa, na kazi ile ilihitaji wote wawili.

Sasa tupande huku kwetu juu. Ngorongoro pia imewaona akina Yohana. Alikuwako John Hunter, Mskoti, mwindaji, aliyewaongoza wageni mpaka humo kuwinda. Baadaye, tangu 1944 mpaka 1946, serikali ya Kenya ilimtuma Makueni katika Ukamba kuwaondoa vifaru ili watu wapate kulima, akawaua karibu elfu moja kwa bunduki yake. Miaka michache baada yake akaja John Owen, ambaye tangu 1960 aliongoza hifadhi za taifa katika Tanganyika, na baadaye Tanzania. Mwaka huo huo Ziwa Manyara, hapa chini yetu kwenye ukuta wa bonde, likawa hifadhi. Mmoja aliua kwa amri, mwingine alilinda kwa amri. Leo vifaru waliosalia ndani ya Ngorongoro hulindwa na askari mchana na usiku, na wageni hulipa fedha nyingi wamwone hata mmoja kwa mbali. Hatusemi haya ili kumhukumu yule wa kwanza na kumtukuza wa pili. Mkulima wa Makueni alikuwa na njaa ya shamba, naye mfugaji wa Kimasai aliyeondolewa Serengeti mwaka 1959 neno "hifadhi" halina utamu kinywani mwake.

Na kutoka Ukamba huo huo, upande wa Kitui, alizaliwa mwaka 1931 John Mbiti, mchungaji wa Kianglikana, mwalimu wa Makerere, aliyeandika juu ya imani za wazee wetu hata wazungu wakazisoma kwa heshima. Alifariki mwaka 2019, akiwa amemaliza kulitafsiri Agano Jipya katika Kikamba. Rais wetu wa tano pia alikuwa John, mwalimu wa kemia na hisabati kabla ya kuingia katika siasa. Habari zake mwazijua.

Lakini yule ambaye twataka mkae naye zaidi ni John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliyezaliwa mwaka 1938, siku ambazo Karatu yetu ilikuwa bado sehemu ya Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika mji wa Mexico, ambao uko juu sana, zaidi ya mita 2,200, hewa yake ni nyembamba. Walianza watu 75. Njiani Akhwari alianguka, goti likaumia vibaya, na bega pia. Wakamfunga bandeji, akaendelea. Mwethiopia Mamo Wolde alishinda, akapewa nishani, watu wakaanza kurudi nyumbani, jua likatua. Zaidi ya saa moja baadaye, katika kiwanja kilichobaki na watu wachache, akaingia mtu mmoja achechemeaye, bandeji ikining'inia mguuni. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho wa wale waliomaliza. Wengine 18 walikuwa wameacha njiani. Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Angalieni jina lake la pili. Stefano ni neno la Kiyunani, na maana yake ni taji. Ndiyo ile taji ya majani aliyovikwa mshindi katika michezo ya Wayunani. Paulo alitumia neno lilo hilo katika 1 Wakorintho 9:25 alipowaambia watu wa Korintho habari za wakimbiaji na taji iharibikayo. Katika sharika zetu twamkumbuka Stefano shemasi, aliyepigwa mawe, na Stefano Moshi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoungana mwaka 1963. Lakini mtu huyu wa Mbulu alibeba neno "taji" katika jina lake siku ile ambayo taji ilikwenda kwa mwingine. Twadhani Paulo angependa kumjua.

Hapa kuna swali kwa waalimu. Vijana wa Karatu humtaja sana Filbert Bayi, mzaliwa wa hapa, ambaye tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, asiwepo duniani aliyewahi kwenda upesi kama yeye. Wazazi huja wakitaka mtoto aitwe jina la mkimbiaji, au la kiongozi, au la mchezaji wa mpira. Tufanyeje? Sisi hatukatai. Ila twawauliza wazazi kama watampenda mtoto huyu akiwa mchunga mbuzi. Maana Luther alifundisha kwamba mtu hutumikia Mungu katika kazi ile aliyowekwa, akiwa mjakazi afagiaye, au fundi viatu, au mkuu wa nchi. Na jina halimpi mtu kazi yake, wala kazi ya mwenye jina lile wa zamani haimdai mtoto deni. Ni hatari pia kinyume chake: mzee mmoja alitukataza kumbatiza mjukuu wake jina fulani, kwa kuwa mwenye jina hilo kijijini alikuwa mwizi. Tulimkumbusha kwamba Yuda walikuwa wawili katika wale Thenashara. Someni Luka 6:16, na Yohana 14:22, ambapo mwandishi alijitahidi kueleza kwamba yule aliyesema si Iskariote. Fikirini jinsi huyo Yuda mwema alivyoishi maisha yake yote akielezwa kwa jina la mwenziwe.

Kwa hiyo jina la ubatizo peke yake halitoshi katika kitabu. Wairaqw wana majina yao, Wadatoga wana yao, mwanamume akianza kwa Gida na mwanamke kwa Uda, Wamasai wana "ole" yao. Nasi zamani tuliyaona majina haya kana kwamba ni vumbi la kupanguswa mlangoni pa kanisa. Yaandikeni. Andikeni jina la ubatizo, jina la baba, la babu, ukoo na kitongoji, tena kwa herufi zinazosomeka. Bwana asema katika Isaya 43:1 kwamba amemwita mtu wake kwa jina. Yeye hachanganyi, lakini karani wake huchanganya.

Turudi kwa mkulima. Alikuja nyumbani kwetu Jumatano, akaketi, akakataa chai. Hakukasirika kwa sauti. Alisema, "Mchungaji, baba yangu ana jina." Jumapili iliyofuata tulisimama mahali pale pale, tukaungama kosa letu, tukasoma jina lake lote mpaka kwa babu yake. Lakini waliosikia mara ya kwanza si wote waliokuwapo mara ya pili, na kwa miezi kadhaa tulikuwa tukienda nyumba kwa nyumba kueleza. Posa ilifufuka baada ya mavuno ya vitunguu, na siku ya kufunga ndoa tuliandika kitabu polepole, baba wa bibi arusi akiwa amesimama nyuma yetu, akitazama kalamu.

Naye dereva, aliporudi kutoka safarini na kusikia kwamba mwenzake amechukua aibu yake mbele ya watu, alikwenda usiku kwa miguu mpaka kwa mkulima. Walikaa mpaka alfajiri. Waliyosemezana hatukuambiwa, wala hatukuuliza.