SOMO LETU: KWANZA KUANGUKA, KISHA KAFI

Ndugu wasomaji wa Kibaha na Kisarawe, leo tunazungumza juu ya mtumbwi. Huenda utauliza: mtumbwi nao una somo? Si mtu hupanda tu, akashika kafi, akaenda? Hata siye tulidhani hivyo.

Mto Ruvu hutoka milima ya Uluguru, hupita mkoani kwetu Pwani, na kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Wako wanaouvuka kwa mtumbwi na wako wanaovua humo. Vijana wengine huteremka mpaka baharini kutafuta riziki. Wengi wao hujifundisha peke yao.

Mmoja wetu alijifundisha hivyo hivyo. Kila mtumbwi ulipoyumba, alishika mbavu zake kwa mikono miwili. Siku ya kwanza hakuanguka, wala ya pili, basi akaona njia yake ni nzuri. Mwaka wa pili, mwezi wa Desemba, mto umejaa maji ya vuli, alivuka na gunia la korosho. Hizo ndizo zilikuwa sare na madaftari ya watoto. Katikati ya mto chombo kikaenda mrama. Akaachia kafi, akashika ubavu, akasimama. Mtumbwi ukapinduka. Kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote: akauacha mtumbwi, akaanza kuogelea na nguo zake kuutafuta ukingo. Mzee mmoja alimfikia kwa pondo, akamvuta. Korosho zilikwenda na maji.

Hebu tutazame makosa yake. Mtu akisimama, uzito wake unapanda juu, na chombo chembamba hakiwezi kuubeba uzito ulio juu. Akikaa chini au kupiga magoti, chombo hutulia. Akishika ubavu, anauvuta ubavu huo huo kuelekea majini. Tena mikono yake haina kafi, na kafi ndiyo msaada: ukilaza bapa lake juu ya maji na kuliegemea kidogo, maji hukusukuma urudi wima. Na mtumbwi wa mti hata ukijaa maji huelea. Ushike, piga kelele, ungoja msaada.

Mzee yule alimfundisha upya. Kumbe mambo yenyewe si mengi, lakini mwili ulikuwa umekwisha zoea vibaya. Ilichukua miezi 3 mpaka mikono ikaacha kukimbilia mbavu. Mtoto wa mzee huyo, aliyeanza siku hizo hizo bila kujua lolote, alikuwa sawa kwa majuma mawili. Tofauti ni kwamba yule mtoto hakuwa na la kusahau.

Na somo la kwanza la mzee halikuwa kupiga kafi. Alimwambia, "Haya, baba, pindua mtumbwi." Wakaupindua kwenye maji ya kiunoni, wakaushika, wakaufua maji, wakapanda tena. Mara kumi. Watu wa Greenland, mabingwa wa kayaki tangu zamani, ambao walitengeneza vyombo hivyo kwa ngozi za sili, nao walijizoeza kupinduka na kuinuka tena bila kutoka chomboni, maana maji yao ni baridi ya kuua. Sisi baridi hatuna. Tunao mamba na viboko.

Kwa hiyo usifanyie mazoezi mtoni Ruvu. Tafuta bwawa ambalo wenyeji wanalijua kuwa salama, lisilo na mamba wala kichocho. (Kichocho nacho huingia kwenye ngozi, hakibishi hodi.) Ukiwa baharini, chagua siku za maji mafu, si bamvua, kwani wakati wa bamvua kina cha maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo huwa mkali. Anza maji yakiwa yanajaa, ili yakikuchukua yakurudishe nchi kavu. Upepo ukivuma kutoka bara, acha. Vaa jaketi la kuelea. Dumu tupu lililofungwa vizuri linasaidia kidogo, lakini halishiki shingo ya mtu aliyezirai.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuelea kwanza, wakishikilia madumu matupu, ndipo wakafundishwa kuogelea.

Mwalimu si lazima awe na cheti. Lakini asiwe yule asiyejua kuogelea, wala anayecheka mwanafunzi akiogopa, kwani mwenye hofu anayechekwa huficha hofu yake, akaenda nayo mtoni.

ZOEZI LA KIKUNDI. Ulizaneni: katika kijiji chetu nani anajua mtumbwi vizuri, na nani kati ya watoto wetu ameanza kwenda majini bila kufundishwa? Andikeni majina yao. Kisha mwendeeni huyo mzee kabla mvua hazijaanza.