Kwa Nini Wajapani Hawazai? Maswali ya Watu na Majibu ya Watafiti

Gari la Kijapani tunalijua mpaka mlio wa injini yake. Watu waliolitengeneza hatuwajui. Habari zao hutufikia vipande vipande: kijana aliyejifungia chumbani miaka kumi, mzee aliyekutwa amekufa peke yake, kijiji kisichosikika kilio cha mtoto. Kila kipande huja na maelezo yaleyale, kwamba ndio utamaduni wao. Wanasosholojia na wanaanthropolojia wanaichunguza jamii hiyo kwa zaidi ya miaka themanini sasa, na wengi wao hawatosheki na maelezo hayo. Haya hapa ni maswali yanayoulizwa mara nyingi, na yale ambayo utafiti umeyaonyesha.

Ni kweli vijana wa Japani wamekataa kuoa na kuzaa?

Kwamba watoto ni wachache, hilo halina ubishi. Mwaka 2024 walizaliwa watoto wa Kijapani wapatao 686,000, idadi ndogo kuliko zote hadi mwaka huo tangu takwimu hizo zianze kuwekwa mwaka 1899. Wastani ulikuwa mtoto 1.15 kwa kila mwanamke.

Hofu yenyewe ilianza zamani kidogo, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Katika kalenda ya kale ya Kijapani, kila baada ya miaka 60 huja mwaka wa Farasi wa Moto, na wazee waliamini kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo atakuwa mkali na atafupisha maisha ya mumewe. Mwaka 1966 ulikuwa wa Farasi wa Moto. Wazazi walikwepa: idadi ya waliozaliwa ilipungua kwa karibu robo, na wastani ukaanguka hadi 1.58. Mwaka uliofuata watoto walirudi kama kawaida. Lakini takwimu za mwaka 1989 zilipotoka, wastani ulikuwa 1.57. Safari hii hakukuwa na farasi wala imani ya wazee, ilhali watu walikuwa wamezaa kwa kiwango cha chini kuliko mwaka ule wa hofu. Ndipo serikali iliposhtuka. Mwaka 2026 ni wa Farasi wa Moto tena, na wataalamu wa idadi ya watu wanaufuatilia kwa makini.

Sasa, chanzo cha upungufu huu kimekaa wapi? Watafiti wanasema kimekaa mlangoni pa ndoa. Japani karibu watoto wote huzaliwa ndani ya ndoa. Wanaozaliwa nje yake ni kama wawili tu katika kila mia. Wanandoa waliokaa pamoja miaka mingi bado wanazaa: utafiti wa kitaifa wa uzazi wa mwaka 2021 uliwakuta na wastani wa watoto 1.90. Kilichobadilika ni idadi ya wanaofika kwenye ndoa. Mwaka 1970, wanaume waliofika umri wa miaka 50 bila kuoa hata mara moja hawakufika wawili katika mia. Mwaka 2020 walikuwa 28.

Je, hawataki? Utafiti uleule wa 2021 uliwauliza wasio na ndoa wenye umri wa miaka 18 hadi 34, na zaidi ya 80 katika kila mia, wake kwa waume, walisema wananuia kuoa au kuolewa siku moja. Hapo neno "wamekataa" linapoteza nguvu.

Mwanasosholojia Masahiro Yamada alitikisa nchi mwaka 1999 kwa kitabu ambamo aliwaita vijana wanaoishi kwa wazazi wao "wapweke vimelea". Jina hilo lilienea haraka, na kwa maoni yangu liliwaonea wengi. Uchumi wa Japani ulikuwa umeyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kampuni zikapunguza ajira za kudumu na kujaza nafasi kwa wafanyakazi wa mkataba na wa muda. Leo zaidi ya theluthi moja ya walioajiriwa wako katika kundi hilo. Utafiti mmoja baada ya mwingine umeonyesha kwamba wanaume wasio na ajira ya kudumu huoa kwa uchache sana kuliko wenzao. Msomaji wa huku hahitaji kufafanuliwa zaidi. Bila kazi inayoeleweka, barua ya posa haipelekwi. Yamada mwenyewe, katika kitabu chake cha 2004, aliandika juu ya jamii iliyogawanyika kati ya wenye matumaini na wasio nayo.

Kwa upande wa wanawake kuna hesabu nyingine. Sheria ya usawa wa nafasi za kazi ilipitishwa mwaka 1985, lakini nyumbani mzigo wa watoto, jiko na wazazi wazee umebaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mke. Mwanamke anayeipenda kazi yake huiona ndoa kama ajira ya pili isiyo na likizo.

Hikikomori ni ugonjwa?

Neno hilo lilienezwa na daktari wa magonjwa ya akili, Tamaki Saito, kwa kitabu chake cha mwaka 1998. Humaanisha mtu aliyejitenga na jamii, akabaki nyumbani kwa miezi sita au zaidi. Saito alilieleza kama hali, siyo jina la ugonjwa mmoja. Wengine wana maradhi ya akili, wengine hawana.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza makadirio ya watu milioni 1.46 wenye umri wa miaka 15 hadi 64. Tahadhari kidogo hapa. Idadi hiyo inatokana na sampuli iliyokuzwa hadi kufikia taifa zima, na inawahesabu hata wanaotoka nyumbani kwa ajili ya jambo wanalolipenda tu. Pia si vijana peke yao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulikadiria watu 613,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 64. Wajapani wana jina la tatizo hilo: "80-50", yaani mzazi wa miaka themanini anayemlisha kwa pensheni yake mtoto wa miaka hamsini. Baadhi yao walimaliza masomo wakati ule milango ya ajira ilipofungwa. Japani kampuni kubwa huajiri wahitimu kwa mkupuo, wakiwa bado shuleni au chuoni. Ukikosa msimu wako, kurudi kwenye foleni ni kazi kweli. Mwanasosholojia wa Marekani Mary Brinton aliandika mwaka 2011 jinsi daraja kati ya shule na kazi lilivyovunjika chini ya miguu ya kizazi hicho.

Wanakufa kwa kazi, au ni maneno tu?

Wanakufa, na sheria inakiri. Neno ni "karoshi". Mwaka 1988 wanasheria walifungua simu ya kupokea malalamiko ya familia, na wajane wakapiga. Tangu 2001, mtu aliyefariki kwa kiharusi au moyo baada ya kufanya zaidi ya saa 100 za ziada katika mwezi uliotangulia, au wastani wa zaidi ya 80 kwa miezi miwili hadi sita, kifo chake huhesabiwa kuwa na uhusiano mkubwa na kazi, na familia inaweza kulipwa fidia. Sheria ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha saa za ziada, ingawa madereva na madaktari walisubiri hadi Aprili 2024.

Ajabu ni kwamba wastani wa saa za kazi kwa mwaka Japani ni kama 1,600, chini ya Marekani. Wastani huo umeshushwa na wafanyakazi wa muda. Hauonyeshi saa za aliye kwenye ajira ya kudumu.

Hawana dini, au wana dini mbili?

Serikali ya Japani huchapisha kila mwaka hesabu ya waumini inayopelekwa na mashirika ya dini yenyewe. Jumla huzidi milioni 160, katika nchi yenye watu wasiofika milioni 125. Hekalu la Kibudha linawahesabu, na madhabahu ya Kishinto yanawahesabu walewale. Ukimwuliza mtu mmoja mmoja, kama ifanyavyo Taasisi ya Hisabati ya Takwimu kila miaka mitano tangu 1953, ni kama watatu katika kumi wanaosema wana imani ya dini. Wengi wa hao saba waliobaki huenda makaburini kuwaombea wazee wao na kwenye madhabahu mwaka mpya. Hawayaiti mambo hayo dini. Neno la Kijapani tunalolitafsiri "dini" lilipata maana hiyo katika karne ya 19, nchi ilipofungua milango kwa mataifa ya Magharibi. Anayeuliza "dini yako ni ipi?" anauliza kwa kipimo cha wengine.

Japani ni jamii ya watu sawa, wasio na maskini?

Imani hii ilijengwa kwa msaada wa dodoso. Kufikia miaka ya 1970, karibu 90 katika kila mia walijitaja kuwa watu wa tabaka la kati. Lakini waliwekewa majibu matano: juu, kati ya juu, kati ya kati, kati ya chini, na chini. Matatu kati ya matano ni "kati".

Oktoba 2009 serikali ilitangaza rasmi kiwango cha umaskini, na kilikuwa asilimia 15.7. Kwa mwaka 2021 kilikuwa 15.4, na kwa familia zenye mzazi mmoja, 44.5. Na wengi wa mama wanaolea watoto peke yao wanafanya kazi, zaidi ya wanane katika kumi. Wanafanya kazi, na bado ni maskini.

Vitabu navyo vilichangia. Mwanaanthropolojia wa Marekani Ruth Benedict aliandika kitabu chake maarufu cha 1946 bila kukanyaga Japani, kwa sababu ya vita. Mwanaanthropolojia wa Kijapani Chie Nakane, katika kitabu cha 1967, aliichora Japani kama jamii ya mkubwa na mdogo. Mwaka 1986 wanasosholojia Ross Mouer na Yoshio Sugimoto waliipinga picha ya Mjapani mmoja anayewakilisha wote: wako wapi Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini, Wakorea waliozaliwa huko, wafanyakazi wa karakana ndogo? Picha hiyo haiwaoni pia wageni wakazi, ambao mwishoni mwa 2024 walikuwa milioni 3.77.

Mtu wa huku anaweza kusoma haya wapi?

Wajapani wanatusoma sisi: Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada. Anayetaka kuwasoma wao aanze na tovuti ya takwimu ya serikali, e-Stat, na maktaba ya majarida ya J-STAGE. Zote zina sehemu za Kiingereza na hazitozi kitu kwa mengi yaliyomo. Udhamini wa serikali ya Japani unaweza kuombwa kupitia ubalozi wake, na kwa mtafiti mara nyingi miezi sita ya mwanzo hutumika kujifunza lugha. Miezi hiyo isidharauliwe. Madodoso karibu yote yaliyotajwa hapa yaliandikwa kwa Kijapani, na mahojiano ya mama wa hikikomori hayafanyiki kupitia mkalimani.