Kibarua na Sanamu: Kuisoma Kumbukumbu ya Viwanda Thika na Ruiru

Makala haya yanadhamiria kuitazama sanamu ya hadhara kama matini, yaani kitu cha kusomwa kwa maswali yale yale tunayoyauliza shairi au riwaya: nani ametajwa, nani ameachwa, na kwa lugha gani.

Kwa miaka mingi Thika imepewa lakabu ya "Birmingham ya Kenya" kutokana na viwanda vyake vya mananasi ya kopo, mafuta ya kupikia, nguo, ngozi na uundaji wa magari. Lakabu hiyo yafaa kufuatwa hadi kwao. Mwaka 1956 Birmingham ilisimamisha sanamu ya Boulton, Watt na Murdoch, mabwana watatu wa enzi ya injini ya mvuke, kwa shaba iliyopakwa dhahabu. Mwaka 1991 mji huo ukazindua kazi ya Raymond Mason iitwayo Forward, umati wa watu wa kawaida wakitoka katika historia ya viwanda vyao. Hiyo iliundwa kwa nyuzi za kioo na gundi ya kemikali, na mwaka 2003 iliteketezwa kwa moto. Mabwana walipata shaba. Wafanyakazi walipata kinachoungua. Sidai kwamba ilikusudiwa hivyo, kwani msanii mwenyewe alizoea malighafi hiyo, lakini msomaji wa matini hawezi kuipuuza tofauti hiyo.

Huku kwetu Thika, kumbukumbu inayosimuliwa zaidi ni ya mti. Husimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa utawala wa mkoloni ungekoma siku mugumo ule utakapoanguka, na kwamba wakoloni wakauzungushia chuma ili usianguke. Chuma, mali ya viwanda, kimeingia katika masimulizi hayo upande wa mtawala.

Wafanyakazi je? Hoja yetu ni kwamba wamehifadhiwa na lugha kabla ya kuhifadhiwa na mchongaji. Jijini Nairobi, mnara wa askari wa mwaka 1928 una sanamu ya mpagazi, ila wapagazi wa vita vile wanatajwa kila siku na makondakta wanaoita abiria wa Kariokor, kama wanavyotajwa Kariakoo, Dar es Salaam. Vivyo hivyo, mtaa wa Makongeni mjini Thika, ambako mwandishi alilelewa, unasomeka wazi kwa mwanafunzi wa mofolojia: makonge pamoja na kiambishi -ni cha mahali. Mkonge ulilimwa kwa wingi katika nchi hii ya Thika. Nilipita hapo miaka kumi na minane bila kuuchanganua mtaa wangu.

Neno lililo zito kuliko yote ni kibarua. Asili yake ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku. Hatimaye karatasi ikampa mtu jina lake. Katika mashamba ya kahawa ya Ruiru kibarua hupimiwa ujira kwa debe. Mbegu iliyotokana na utafiti wa huko na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985, Ruiru 11, ilipewa jina la mji. Mchumaji hajapewa lolote, na pengine debe tupu la shaba kando ya barabara kuu lingesema mengi kuliko gurudumu lenye meno, nembo ambayo wachongaji wa viwanda huikimbilia.

Ikiwa siku moja manispaa itaamua kuijenga sanamu hiyo, walimu na wanafunzi wa Kiswahili tudai nafasi katika maandishi ya chini yake. Wengi watapendekeza "mfanyakazi", neno la heshima. Mimi ningeandika "kibarua". Umbo lake ni la ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti na kisu, lakini katika sentensi sarufi hulirudisha kwa watu: kibarua amefika, vibarua wamefika. Kitenzi cha kuliandama neno hilo, basi, kiwe kipi: walijenga, walivuna, au walisubiri?