Tisu nyepesi za mwili: mafuta ao maji?



Mu somo la biolojia wengi wetu tunakariri majina tu: areolari, adipozi, retikulari. Mtihani ukipita, tunayasahau. Lakini hizi tisu tatu nyepesi za kuunganisha tuko nazo mwili mzima, na kuzijua kunaweza kusaidia mdogo wako nyumbani.

Tuanze na mbuzi. Ukimchuna, kati ya ngozi na nyama unaona kitu cheupe, chembamba kama utando wa buibui, kisu kinapita bila nguvu. Ile ndiyo areolari. Mna nyuzi za kolajeni zenye kukaza, na za elastini zenye kuvutika na kurudi. Katikati yake mna uteute wenye kushika maji mengi. Selule zinazoitwa fibroblasti zinatengeneza nyuzi, makrofaji zinakula mikrobi. Sisi watu tuko nayo chini ya ngozi na kando ya mishipa. Chanjo ya surua, shindano inaiacha pale pale, haifiki ndani ya nyama.

Adipozi ni mafuta. Kila selule imebeba tone moja kubwa, kiini kimesukumwa pembeni. Ni akiba ya chakula, inazuia baridi, inalinda figo. Mtoto mchanga ana mafuta mengine tena, ya rangi ya kahawia, sana sana kati ya mabega: yanatoa joto, juu yeye hawezi kutetemeka vema.

Retikulari ni wavu wa nyuzi ndogo ndani ya bandama na uboho wa mifupa. Selule za damu zinakaa humo.

Sasa sikieni vizuri. Kuna mtoto anakula bugali ya muhogo tu, kisha mashavu na miguu vinajaa. Majirani wanasema: amenona! Kumbe ni kwashiorkor, ile kule Bukavu wanaita bwaki. Si adipozi imeongezeka. Ni maji yametoka mu mishipa ya damu na kujaa ndani ya areolari. Namna ya kujua: finya kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu sekunde 3, achia. Shimo likibaki kwa miguu yote miwili, ni maji. Mafuta hayabaki na shimo.

Marasmi ni kinyume: mwili umekula adipozi yake yote, ngozi ya matako inaning'inia. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na zote mbili, miguu imevimba na mikono imebaki mifupa.

Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, hata kama anaonekana mnene. Na mama aambiwe mapema: akianza kupona, kilo zinashuka kwanza. Wengine wanaogopa wanamrudisha nyumbani. Ni maji yanatoka. Kilo za kweli zinakuja nyuma.