Tuwatoe Watoto Uwanjani, Tuanze na Mwanamichezo wa Mtaani Kwetu



Vijana wenzangu, somo letu leo linahusu watoto na michezo. Najua wapo watakaosema, ah, hilo ni la walimu wa shule, sisi tuendelee na kwaya na semina zetu. Hata mimi niliwaza hivyo. Naandika kwa sababu kuna mtoto nilimkosea, na safari ya kumrudisha imenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria.

Ilikuwa Juni 2025. Viongozi wa vijana tulikuwa tumepewa kazi ya kukaa na watoto wa Utoto Mtakatifu kila Jumamosi baada ya mafundisho. Parokia yetu iko hapa Arusha mjini, na nyuma ya ukumbi kuna kiwanja cha vumbi. Tukaandaa bonanza. Tukanunua madaftari na kalamu kwa ajili ya mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu, tukakodi spika, mimi nikashika kipaza sauti. Mbio zilikuwa kuzunguka kiwanja mara nne. Mtoto mmoja wa darasa la nne, mnene kidogo, akaachwa mzunguko mzima. Wenzake wakaanza kumpigia makofi ya kejeli na kumwita jina ambalo sitaliandika. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Tena kwenye kipaza sauti. Nikamwambia, "Wewe toka tu, tuanze mbio nyingine."

Akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Baada ya wiki kadhaa mama yake alinisimamisha nje ya kanisa. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwanawe sasa hataki hata kipindi cha michezo shuleni, siku hiyo ikifika anasema tumbo linamuuma. Nilikosa la kusema. Yaani niliandaa siku ya kuwahamasisha watoto wapende mazoezi, nikamfundisha mmoja wao kwamba mazoezi si yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili mpaka ahemee: kukimbia, kuruka, kucheza mpira, kuendesha baiskeli, hata kutembea kwa haraka. Ukilisoma hilo kijijini watakucheka. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu, akirudi anachota maji na kuchunga mbuzi, hizo dakika anazimaliza bila kujua. Lakini sisi wa mjini mambo yamebadilika. Watoto wengi wanachukuliwa na basi la shule mlangoni alfajiri, wanarudi jioni, kuna tuisheni, kuna homuweki, halafu kuna simu ya mama. Uwanja tuliochezea chandimu sisi leo umejaa fremu za maduka. Wazazi ukiwaeleza faida za mazoezi kwa moyo, mifupa na usingizi wa mtoto, wanaitikia vizuri tu, na mtoto anabaki kwenye kochi. Maneno peke yake hayamtoi mtoto kwenye kochi. Anayemtoa ni mtu.

Sasa mtu gani? Hapo nilikosea mara ya pili. Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Baada ya kilomita 42 alimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde! Nikawaonyesha watoto video ukumbini. Walishangilia mpaka katekista akaja kuchungulia. Tukatoka nje, wakakimbia kwelikweli. Jumamosi iliyofuata wakauliza kama leo kuna video nyingine.

Simbu hana kosa lolote hapo. Ni mtoto wa Singida na mazoezi yake amekuwa akiyafanya hapahapa Arusha. Ila kwa watoto wale alikuwa mtu wa ndani ya simu, na mtu wa ndani ya simu unamtazama ukiwa umekaa.

Fungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, aya ya 24 hadi 27. Paulo anaongelea wakimbiaji uwanjani na taji linaloharibika. Kwa nini mfano huo, kwa watu hao? Jirani kabisa na Korintho, mahali panapoitwa Isthmia, yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na washindi walivikwa mataji ya majani. Paulo hakwenda kuwatafutia mfano mbali. Aliwataja wanamichezo ambao wasomaji wake waliwajua na uwanja ambao wangeufikia kwa miguu.

Jirani zetu Kenya wana ushahidi mzuri wa jambo hilihili. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuja kama kocha wa riadha. Ukocha alijifunza palepale, kwa kuwatazama wavulana wakikimbia. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alipata dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Miaka mingi baadaye David Rudisha, aliyefundishwa na bruda huyo, alikimbia mita 800 London 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Watu wakiitaja Iten husifia medali na hewa ya mlimani. Mimi nawaza zaidi kuhusu mtoto wa Iten anayekwenda shule asubuhi na kupishana na wakimbiaji kwenye barabara ya vumbi, kisha mchana anamkuta mmoja wao dukani ananunua mkate. Kwake kukimbia ni kitu wanachofanya majirani.

Basi nikaanza kumtafuta mtu wa barabara yetu. Nikampata kijiweni. Ni dereva wa bodaboda, mzaliwa wa Mbulu, ambaye akiwa sekondari alikimbia UMISSETA mpaka ngazi ya taifa, na hadi leo alfajiri anakimbia kabla ya kuwasha pikipiki. Nilipomweleza akasita. "Kaka, mimi sina hata medali moja ya kuwaonyesha hao watoto." Nikamwambia hatutaki medali wala hotuba, tunataka Jumamosi nne mfululizo. Na hapa niseme wazi: Jumamosi ni siku yake ya hesabu. Ukimwita mtu wa namna hiyo bure bure eti ni kazi ya Bwana, unamdhulumu. Vijana tulichangishana, tukawa tunamlipa kile ambacho angekipata kwa saa mbili kijiweni.

Siku ya kwanza aliwakalisha chini kama dakika tano hivi, akawasimulia habari za mzee wa kwao, John Stephen Akhwari. Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, marathoni. Akhwari alianguka njiani akaumia goti na bega. Waliobaki nyuma wengine waliacha mbio, yeye akafungwa bandeji akaendelea. Alifika zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeshaingia, watu wachache wamebaki uwanjani. Kati ya 57 waliomaliza, yeye alikuwa wa 57. Watoto wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo alikuwa wa mwisho?" Jamaa akajibu, "Wa mwisho kabisa. Na huko kwetu kila mtoto anamjua."

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto. Kumwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake si jambo tulilolelewa nalo, na nilizunguka sana kabla sijalisema. Mama akamwambia, "Haya, msamehe kaka yako." Mtoto alitazama chini, hakunijibu. Sikumlazimisha.

Jumamosi ya tatu alikuja, akasimama ukutani. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumeshabadilisha mambo. Hakuna zawadi za watatu wa kwanza. Kuna rede, kuruka kamba, kuvuta kamba, na mbio za kupokezana vijiti ambamo kila kundi lina wakubwa na wadogo. Kwenye mbio ndefu kila mmoja anaandikiwa muda wake kwenye daftari, na wiki inayofuata anashindana na muda huo. Yule jamaa wa bodaboda, mwenye mbio kuliko sisi wote, kazi yake ni kukimbia mwisho kabisa pamoja na anayekuja nyuma. Alimpita mtoto pale ukutani, akamwambia tu, "Twende, mimi nimechoka, nataka mtu wa kwenda naye polepole." Wakaenda.

Mengine nitayataja kwa haraka, kwa wanaotaka kuanza kwao. Wasichana walikuwa wanapungua kwa sababu alasiri ndiyo saa ya kufua na kupika. Tulipopeleka suala hilo kwenye jumuiya ndogondogo, akina mama wenyewe wakapendekeza asubuhi, na wakakubali kaka zao nao washike ndoo. Wazazi tuliwaomba ruhusa kwa maandishi na kuwauliza kama mtoto ana pumu, siko seli au tatizo la moyo, ili aliyenalo tupate kwanza ushauri wa daktari. Mtu mzima mmoja haachwi peke yake na watoto, awe kiongozi au mwanamichezo, hata kama ni mtu mwema kiasi gani. Maji ya kunywa yawepo. Viatu si lazima, ila kiwanja kiokotwe chupa na misumari kabla watoto hawajafika.

Jumamosi nne zimeshapita siku nyingi na jamaa bado anakuja. Yule mtoto bado anamaliza wa mwisho. Juzi alinifuata na daftari, akanionyesha kwamba amepunguza sekunde 40, na kwamba mahali fulani nilikosea kuandika.

Jumamosi hii tunaanza saa tatu asubuhi. Kamba yetu ya kuvuta imekatika, mwenye kamba nene ya katani aje nayo.